Jioni tatu za ukungu Usambara: uchambuzi wa kisa cha picha za kalenda

Kabla ya kisa chenyewe

Kisa hiki ni changu. Nilikuwa nimepiga picha za harusi na za makongamano kwa miaka kadhaa kabla ya kupewa kazi hii, nikajiona mtu anayeujua mwanga. Nimeondoa jina la mteja, la kijiji na la kila aliyehusika. Nimebakiza milima, miezi, saa na vipimo vya kamera, maana bila hivyo mpiga picha mwenzangu hataambulia kitu.

Kazi ilivyokuja

Mteja alikuwa mfanyabiashara wa mazao ya shambani. Alitaka kalenda ya ukutani ya kugawia wateja wake: kurasa 12, kila ukurasa mandhari ya kijijini Usambara Magharibi, zote za jioni, zote zenye ukungu. Alikuwa ameona picha moja niliyoipiga kwa simu mwezi Januari nikiwa huko kwa shughuli nyingine. Jua limekaa juu ya bonde, matuta ya mashamba yanashuka kama ngazi, na utando mwembamba wa ukungu umelala juu ya migomba.

"Nataka kumi na mbili kama hii," akasema.

Nikakubali hapo hapo. Bajeti ilikuwa ya nauli na kulala siku mbili kwa watu wawili, mimi na msaidizi wangu, kijana mwenye miguu myepesi na maswali mengi. Picha 12, jioni mbili. Hesabu hiyo peke yake ilitosha kunishtua, lakini haikunishtua.

Asiyeifahamu Usambara Magharibi aelewe hivi. Ukitoka Mombo, pale chini kwenye joto na mikonge, barabara inapanda kwa kona nyingi kupitia Soni hadi Lushoto, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na vijiji vingine viko juu zaidi. Milima hii ni sehemu ya safu ya Tao la Mashariki, inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Ukungu wake haubahatishi. Kusi inaposhika, inabeba unyevu wa Bahari ya Hindi. Ikigonga milima inalazimika kupanda, ikipanda hewa inapoa, na mvuke unageuka matone. Mtu wa Mombo akitazama juu anasema kuna wingu, mtu wa juu aliyefunikwa nalo anasema kuna ukungu, na wote wanasema kitu kimoja.

Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi na ukungu. Nikachagua wiki ya kwanza ya Julai. Mpaka hapo sikuwa nimekosea.

Jioni ya kwanza

Mchana tulipita ofisi ya kijiji kujitambulisha, tukapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukaeleza tunachofanya na picha zinakwenda wapi. Hilo lilichukua saa nzima na lilistahili. Kisha bodaboda mbili hadi pale pale niliposimama Januari. Nilipatambua kwa mkaratusi uliopinda na mwamba ulio mbele yake.

Simu ilinionyesha kwamba jua litazama saa 12:27. Nikafunga kamera kwenye tripodi saa 11:30, lenzi pana ya milimita 24-70, nikaelekeza magharibi kama Januari, nikakaa kusubiri ule mwanga wa dhahabu.

Saa 11:44 jua likaingia nyuma ya bega la mlima upande wa kulia, na halikurudi.

Msaidizi akaniuliza, "Bosi, si ulisema saa kumi na mbili na nusu?" Nikamwambia asubiri, mwanga bado upo. Ulikuwepo, angani. Bonde lote lilikuwa limeshaingia kivulini, na kivuli cha jioni kina rangi ya samawati inayofanya majani ya viazi yaonekane kama plastiki. Dakika kumi baadaye ukungu ukaja, na haukuja mbele yetu nilikotazama. Ulikuja mgongoni, kutoka mashariki, ukapita kwenye mwanya kati ya vilima viwili na kutumiminikia. Baada ya muda mfupi hatukuona hata mkaratusi.

Nilipiga picha 70 hivi. Kila moja niliitazama kwenye kioo cha kamera na kila moja ilinipendeza.

Usiku

Nyumba ya wageni tuliyofikia haina pa kuota moto ila jikoni. Tukaingia na mabegi yetu, tukakaa kando ya jiko la mkaa, nikafungua begi ili nikaushe kamera. Lenzi iliyokuwa imepoa kwa saa mbili nje ikakutana na joto na mvuke wa sufuria ya maharage. Ikapofuka palepale. Nikaifuta, ikapofuka tena. Ilinichukua karibu saa moja kuelewa kwamba dawa ni kuiacha ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu, tena mbali na jiko.

Baadaye nikafungua picha kwenye kompyuta mpakato. Zilikuwa nyeusi, zote, kijivu cha jivu lililolowa. Zaidi ya hapo, karibu nusu yake zilikuwa na doa laini katikati, kama mtu amepumulia kioo: matone ya ukungu yalikuwa yametua kwenye uso wa lenzi na sikuwahi kuufuta hata mara moja. Zilizosalimika hazikuwa na kitu ndani yake. Ukungu mbele, ukungu nyuma, katikati kivuli cha mgomba.

Siku ya pili: kutafuta kosa

Asubuhi nilichukua dira na ile picha ya Januari, nikarudi pale pale. Kosa lilionekana kabla sijamaliza kusimama vizuri.

Jua halizami mahali pamoja mwaka mzima. Hilo kila mtoto wa shule anaambiwa, lakini kuambiwa na kulipa nauli kwa ajili yake ni mambo mawili. Mwanzoni mwa Januari, kwa latitudo ile, jua huzama takriban digrii 22 kusini mwa magharibi kamili. Mwanzoni mwa Julai huzama takriban digrii 23 kaskazini mwa magharibi. Tofauti ni digrii 45. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi moja ni digrii 10 hivi. Kati ya jua langu la Januari na jua langu la Julai kulikuwa na ngumi nne na nusu, na katika ngumi hizo ndimo mlikuwa bega la mlima.

Ngumi hiyo hiyo ilinionyesha kosa la pili. Saa 12:27 ni saa ya jua kuzama kwenye upeo ulionyooka, kama baharini. Bega lile la mlima lilikuwa limeinuka kama ngumi moja juu ya upeo. Kwetu karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kwa hiyo ngumi moja ni dakika 40 hivi. Toa 40 kwenye 12:27, unafika karibu kabisa na ile 11:44. Programu ya simu haikudanganya. Mimi ndiye niliyeiuliza habari za bahari nikiwa mlimani.

Wakati napimapima hewa kwa ngumi kama mtu anayepigana na jini, akapita mzee mmoja na panga lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmepoteza nini?"

Nikamweleza. Akacheka kidogo, akaelekeza panga mashariki. Ukungu, akasema, siku hizi unaingia kwa pale kwenye mwanya, baada ya watoto kutoka shule. Ukiwa mwingi unajaa hapa chini kwanza, halafu ndipo unapanda. "Anayetaka kuuona asikae ndani yake. Apande kule kwenye njia ya majani." Njia ya majani ni kijia kinachopita juu ya matuta, ambacho watu wanaofuga ng'ombe ndani hupitia wakienda kukata majani.

Tukapanda. Kutoka kijia hicho, ukitazama kaskazini-magharibi, safu ya vilima inashuka na kuacha uwazi. Dira ilionyesha digrii 293 zinaangukia ndani ya uwazi huo. Upeo pale ulikuwa chini, kwa hiyo jua lingebaki hadi kama saa 12:20. Bonde lilikuwa mbele, na ukungu wa kutoka mwanyani ungejaa bondeni kati yetu na jua.

Hilo la "kati yetu na jua" ndilo lililobeba kazi nzima. Matone ya ukungu hurusha sehemu kubwa ya mwanga mbele, kule unakoelekea, na kidogo tu nyuma. Ukiligeuzia jua mgongo, ukungu unakuwa ukuta mweupe uliolala. Ukiukabili ukungu jua likiwa nyuma yake, unawaka. Picha yangu ya Januari ilikuwa hivyo kwa bahati, na bahati hiyo ndiyo niliyomuuzia mteja kama ujuzi.

Jioni ya pili

Tulifika saa 10:30, saa mbili kabla. Niliamua mambo manne, na nitayasema na sababu zake kwa sababu yote yalitokana na usiku ule wa kijivu.

Nilivua 24-70 nikaweka lenzi ndefu ya 70-200. Lenzi pana inachukua ukungu mwingi na vitu vidogo ndani yake; lenzi ndefu inavuta tabaka za vilima zikakaribiana, kila moja imefifia kuliko iliyo mbele yake, na kufifia huko ndiko jicho linakokusoma kama umbali.

Kipima mwanga cha kamera nilikiongezea stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Kamera hudhani kila kinachoonekana kwa wastani ni kijivu cha katikati. Ukiionyesha ukungu mweupe, inauteremsha hadi uwe kijivu, na ndiyo maana picha za jana zilitoka kama jivu. Kioo cha kamera nacho kilinisaliti: gizani kinang'aa, picha nyeusi ikaonekana imeiva. Safari hii nilipunguza mwangaza wa kioo na kutazama grafu ya mwanga badala ya picha.

Mizani ya rangi niliifunga kwenye Kelvini 5500, kipimo cha mwanga wa mchana, badala ya kuiachia kamera. Kamera ikiachiwa hujaribu kusafisha udhahabu wa jioni kana kwamba ni uchafu.

La nne ni kitambaa. Msaidizi alipewa kazi moja tu: kila dakika tano afute uso wa lenzi, aulize asiulize.

Ukungu ukaja saa 11:20, mapema mno. Saa 11:40 bonde lilikuwa limejaa na ukaanza kupanda. Saa 11:50 ukatufikia miguuni, na saa 11:55 tukawa ndani yake, hatuoni kitu. Fokasi ya kamera ilianza kwenda na kurudi ikitafuta pa kushika. Nikaizima, nikarudisha kwa mkono hadi alama niliyoiweka mchana kwenye mgrivea ulio ukingoni mwa tuta.

Msaidizi alitaka tuteremke upande wa pili kujaribu kuuwahi. Hoja yake haikuwa mbaya. Jua lilikuwa na dakika 25 tu, na kwenye ukungu ule lingeweza kuzama bila sisi kujua. Nilikataa kwa sababu moja: kushuka kungechukua dakika 15, na huko chini sikuwa nimepakagua. Mahali nilipokuwa, nilijua jua litatoka wapi iwapo lingetoka. Tukakaa. Koti langu lilikuwa limelowa mabegani, na matone yalidondoka kutoka kwenye majani ya mgrivea kama mvua inayonyesha juu ya mti mmoja tu.

Saa 12:09 upepo ukasukuma, ukungu ukashuka kama maji yanayotolewa kizibo, na jua likaonekana kupitia ule uwazi. Bonde lote likawa rangi ya asali. Migomba ilisimama myeusi mbele, nyuma yake tuta, nyuma yake tuta lingine lililofifia, mpaka kilima cha mwisho ambacho kilikuwa mstari tu.

Nikapiga f/8 (upana wa tundu la lenzi), sekunde 1/125, ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Nilikuwa kwenye picha ya sita hivi nilipoona mtu anaingia kutoka kushoto kwenye tuta la pili, na mzigo wa majani kichwani mkubwa kuliko yeye. Alikuwa yule mzee. Alitembea polepole, akafika mahali ukungu ulipokuwa mwembamba, akapita mbele ya weupe, akaendelea. Picha tisa.

Msaidizi akamkimbilia. Nilimsikia akimwomba, "Babu, naomba urudie kidogo tu, utokee pale tena." Mzee hakusimama. "Mwanangu, ng'ombe hawajala."

Saa 12:15 uwazi ukajifunga. Dakika sita kamili, na nyingine zote za jioni ile zilikuwa za kusubiri.

Jioni ya tatu, kwa gharama yangu

Nilikuwa na picha tatu nzuri: bonde kabla ya mzee, bonde na mzee, bonde baada yake. Siyo kumi na mbili. Nikalipa usiku wa tatu kutoka mfukoni.

Siku hiyo hakukuwa na ukungu. Upepo ulikuwa umeufagia tangu asubuhi, anga safi, jua likazama kwa utulivu na bila uzuri wowote wa kusimulia. Nilikuwa nimeanza kufunga tripodi pale upepo ulipotulia ghafla, na wanawake wakawasha majiko.

Moshi ulitoka juu ya mabati, kwenye nyufa za ukuta, kwenye madirisha yasiyo na vioo. Kwenye jioni tulivu hewa baridi hutuama bondeni na hewa ya juu yake hubaki na joto kidogo, kwa hiyo moshi unapanda kidogo tu kisha unalala, unatandaa juu ya paa kama dari. Kufikia saa 12:40 kijiji kilikuwa na utando wa samawati unaokaribia kugusa vilele vya migomba, na taa mbili tatu za rangi ya chungwa chini yake.

Nikarudisha kamera. Robo sekunde, f/5.6, ISO 400, shata kwa kuchelewesha sekunde mbili ili nisiitikise. Nilikuwa na muda mpaka kama saa 12:50, ndipo giza likawa giza. Nikatoka na picha nne.

Mezani na kiwandani

Picha saba nilizituma pamoja na ile ya simu ya Januari, ambayo mteja aliidai. Siku mbili baadaye msanifu wa kalenda akanirudishia kurasa za kuangalia, na picha ya mzee ilikuwa haina ukungu. Kwenye programu yake ya kuhariri kuna kidude cha kuondoa utando, na alikuwa amekisukuma mpaka mwisho. Vilima vilikuwa vikali kama vimekatwa kwa wembe. Nikampigia.

"Nimezisafisha," akasema. "Zilikuwa na ukungu."

Sikumlaumu sana, hakuna aliyemwambia kazi ilikuwa nini. Alirudisha. Lakini karatasi ya majaribio ilipotoka, nikakuta tatizo lingine, na hili lilikuwa langu. Nilikuwa nimehariri usiku, kioo cha kompyuta kikiwa kimewashwa mwanga wote. Kwenye karatasi, ambayo haina taa nyuma yake, picha mbili za moshi zilizama zikawa tope. Nilizifungua sehemu za giza na kuzituma upya. Moja ikapona, nyingine haikupona na ilichapwa hivyo hivyo. Ni ya Septemba. Sipendi kuitazama.

Matokeo

Picha nane badala ya 12. Mteja alijazia kurasa nne kwa picha za chai kutoka kwa mpiga picha mwingine na kukata theluthi ya malipo yangu. Makubaliano yetu ya maandishi hayakuwa na neno hata moja kuhusu hali ya hewa, kwa hiyo sikuwa na pa kusimama kudai. Ukitoa usiku wa tatu, faida ilikuwa ndogo kuliko ya harusi moja ya Jumamosi.

Picha iliyochaguliwa kwa jalada si ya mzee. Ni moja ya zile za moshi, na chini yake waliandika kwamba ni ukungu wa jioni Usambara.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikutokea mlimani. Lilitokea mezani, nilipokubali kuuza kitu nilichokuwa nimekipata mara moja, kwa bahati, mwezi mwingine. Kwenda kukagua mahali ni jambo jema, lakini ukaguzi wa Januari ni ukaguzi wa Januari. Kama ungekuwa wa Machi, tofauti ingekuwa nusu yake na huenda bega lile lisingenipata. Siku hizi nikikagua mahali naandika digrii za bega la kila mlima unaozunguka, kwa ngumi, kwenye daftari; ni kazi ya dakika tatu.

Muda nao nilikuwa nimeusoma vibaya, na hapa nadhani wengi wetu tunadanganywa na video za wenzetu wa Uingereza. Wanazungumza kuhusu saa nzima ya dhahabu, na kwao ni kweli, kwa sababu jua lao wakati wa kiangazi huzama kwa mshazari na hukawia juu ya upeo. Letu linashuka wima. Kutoka digrii sita juu hadi kuzama ni chini ya nusu saa, na baada ya kuzama mwanga unaofaa ni kama dakika 22. Mpangilio wa hatua tano za kupiga, uliofanywa kwa ajili ya Uingereza, kwetu unakuacha kwenye hatua ya pili ukiwa gizani. Anayepiga hapa afike na kila kitu kimeshaamuliwa: lenzi, fokasi, rangi, mahali pa miguu ya tripodi.

Uamuzi wa kubaki ndani ya ukungu saa 11:55 ulizaa matunda, lakini sitaki mtu aukariri kama kanuni. Ulikuwa sahihi kwa sababu mbili tu: nilikuwa nimeshapajua pale kwa dira, na kusi inapuliza kwa vipindi, hivyo nafasi ya uwazi ilikuwepo. Kungekuwa hakuna upepo, msaidizi ndiye angekuwa sahihi na mimi ningekuwa mtu mkaidi aliyelowa.

Kilichofanya picha zile zisimame, kuliko hata jua, ni weusi wa mbele. Nimelinganisha picha za jioni ya kwanza na za pili mara nyingi. Ukungu ukiwa peke yake hauna ukubwa; jicho halijui kama ni wa bonde au wa bafuni. Migomba myeusi mbele ndiyo iliyoupa bonde kina, na mzee akaupa kipimo. Bila yeye ile picha ni nzuri. Akiwepo, unajua tuta lina upana gani na mzigo una uzito gani.

Kuhusu kumwomba arudie, tulibishana na msaidizi njia nzima ya kurudi. Yeye aliona tungepata picha safi zaidi, kwa sababu kwenye ile bora mguu wa mzee umefichwa na jani. Mimi naona kumrudisha mtu mwenye mzigo kichwani ili atembee tena kwa ajili yetu ni dharau, hata akikubali. Hatukupatana. Palipokuwa na upungufu wa kweli ni kwamba tuliondoka bila idhini yake ya maandishi. Ofisi ya kijiji ilikuwa imetujua, lakini ofisi haitoi ruhusa ya sura ya mtu.

Na ile ya jalada? Moshi wa kuni una chembe ndogo mno, kwa hiyo mbele ya giza huonekana wa samawati, na mbele ya mwanga huonekana wa hudhurungi. Ukungu una matone makubwa zaidi. Hubaki mweupe au huchukua rangi ya jua. Yeyote aliyekulia mlimani akitazama jalada lile anajua ni saa ya kupika. Nilimwandikia mteja arekebishe maelezo. Alijibu kwamba ukungu unauza.

Baadaye

Kabla kalenda haijachapwa nilirudi kijijini na picha ya mzee, ukubwa wa A4, na karatasi ya idhini kwa Kiswahili. Nilimkuta nyuma ya banda. Aliishika picha kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Kalenda inauzwa?"

"Hapana, mzee wangu. Inagawiwa."

"Basi na mimi mnigawie." Akatia sahihi. Kisha akarudi kwenye picha, na hakuwa akijitazama mwenyewe. Kidole chake kilikuwa kinafuata tuta la pili, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka palipo na weupe.

"Hapa ndipo jirani yangu alipovuka mpaka," akasema. "Ningempelekea mwenyekiti hii." Akainamisha karatasi kwenye mwanga, akaikodolea macho. "Ila huu ukungu wenu umekaa juu ya jiwe lenyewe."